Ankara yenye jina lako, fedha mfukoni mwa tapeli

Mwagizaji wa bidhaa anaposubiri kontena lake kutoka ng'ambo, barua moja tu inatosha kuteketeza mtaji wake. Barua hiyo huja kwa barua pepe. Ina jina la kampuni aliyoizoea, ankara yenye nembo ileile, na kiasi kilekile cha dola walichokubaliana. Kilichobadilika ni kitu kimoja: namba ya akaunti ya benki. Chini kuna maelezo mafupi kwamba akaunti ya zamani iko kwenye ukaguzi wa hesabu, hivyo malipo ya safari hii yaende kwenye akaunti mpya. Mfanyabiashara analipa. Wiki mbili baadaye muuzaji halisi anapiga simu kuuliza fedha zake ziko wapi.

Hapo ndipo ugomvi unapoanza. Muuzaji anasema hajalipwa na hatatoa mzigo. Mnunuzi ana risiti ya benki mkononi na anasema amelipa. Wote wawili wanasema kweli, na wote wawili wamepata hasara. Aliyekula fedha hajulikani alipo.

Utapeli wa namna hii sasa ni biashara kubwa duniani. Kwa mujibu wa taarifa za Shirika la Upelelezi la Marekani, FBI, malalamiko yaliyopokelewa kuhusu barua pepe za kughushi au kuingiliwa katika malipo ya kibiashara yalifikisha hasara ya zaidi ya dola bilioni 2.9 katika mwaka 2023. Mwaka 2024 hasara iliyoripotiwa ilikuwa karibu dola bilioni 2.8. Hizo ni za walioripoti tu, na ni kwa shirika la nchi moja.

Kinachowashangaza wengi ni kwamba sehemu ya utapeli huu inazuilika kwa mistari michache ya maandishi, ambayo mwenye jina la kampuni anaweza kuiweka mwenyewe au kumwomba anayemhifadhia tovuti amwekee. Kuiweka hakuhitaji kununua mtambo. Hata hivyo wafanyabiashara wengi hulipia tovuti yao kila mwaka bila kuuliza kama mistari hiyo ipo.

HATA WAKUBWA WAMELIWA

Asidhani mtu kwamba hili ni tatizo la wasiosoma au wenye duka dogo. Kati ya mwaka 2013 na 2015, raia wa Lithuania aitwaye Evaldas Rimasauskas alisajili kampuni huko Latvia kwa jina lilelile la Quanta Computer, kiwanda kikubwa cha Taiwan kinachouza vifaa vya kompyuta. Kisha barua pepe zilizotengenezwa zionekane kama zimetoka kwa wafanyakazi wa kiwanda hicho zikapelekwa kwa wateja wake wawili: Google na Facebook. Ziliambatana na ankara, mikataba na mihuri ya kughushi.

Kampuni hizo mbili, zenye wataalamu wa kompyuta wasiohesabika, zililipa zaidi ya dola milioni 100 kwenye akaunti za tapeli huyo. Alikamatwa, akakiri kosa Machi 2019, na Desemba mwaka huo mahakama ya New York ikamhukumu kifungo cha miaka mitano.

Mwaka 2015 kampuni ya Ubiquiti Networks, ambayo hisa zake zinauzwa katika soko la Marekani, iliwatangazia wenye hisa kwamba dola milioni 46.7 zilikuwa zimehamishwa kutoka kampuni yake tanzu ya Hong Kong kwenda kwa watu wasiohusika, baada ya mtu kujifanya mfanyakazi na kuagiza malipo. Wakati wa tangazo hilo ilikuwa imerudishiwa dola milioni 8.1 tu. Agosti 2016 kampuni ya Leoni ya Ujerumani, inayotengeneza nyaya za magari, ilitangaza kupoteza euro milioni 40 kwa utapeli wa aina hiyo, na bei ya hisa zake ikashuka.

Aliyeponea chupuchupu ni Mattel, watengenezaji wa mwanasesere Barbie. Mwishoni mwa Aprili 2015 mtendaji wake mmoja wa fedha alipokea ujumbe ulioonekana kutoka kwa mkurugenzi mkuu mpya, akitakiwa kumlipa mgavi mpya wa China zaidi ya dola milioni 3. Kanuni za kampuni zilitaka wakubwa wawili waidhinishe. Yeye alikuwa mmoja, na mkurugenzi akaonekana kuwa wa pili. Fedha zikaenda. Saa chache baadaye alipomtajia mkurugenzi jambo hilo, ikabainika kuwa hakuagiza chochote. Bahati yao ni kwamba siku iliyofuata ilikuwa Mei Mosi, benki za China zimefungwa. Polisi wa huko wakaizuia akaunti na fedha zikarudi.

Mfanyabiashara wa Kariakoo au wa River Road, anayeagiza mzigo Guangzhou au Dubai kwa kutegemea ankara ya barua pepe, hawezi kuweka matumaini yake kwenye sikukuu.

MLANGO ULIOACHWA WAZI TANGU 1982

Chanzo cha tatizo ni cha zamani. Kanuni ambazo mitambo ya barua pepe huzifuata inapopelekeana barua ziliandikwa na Jon Postel wa Marekani na kutolewa Agosti 1982. Wakati huo waliotumia mtandao walikuwa vyuo, watafiti na ofisi za serikali, watu waliojuana. Hakuna aliyeona haja ya kumwuliza mwenzake kitambulisho. Hivyo kanuni hizo hazikuweka njia yoyote ya kuhakikisha kwamba anayedai kuwa fulani ndiye kweli.

Mfano mzuri ni barua ya kawaida ya posta. Mtu yeyote anaweza kuandika nyuma ya bahasha S.L.P. ya kampuni nyingine, na ndani akaweka karatasi yenye nembo aliyoichapisha uchochoroni. Posta itaipeleka. Kazi ya posta ni kufikisha barua, si kuhakikisha kuwa aliyeiandika ndiye mwenye nembo.

Barua pepe nayo ina bahasha na karatasi ya ndani. Anwani ya bahasha husomwa na mitambo tu na mpokeaji kwa kawaida haioni. Anwani anayoiona juu ya barua ni ile ya kwenye karatasi ya ndani. Hizi mbili zinaweza kutofautiana kabisa, na tapeli huchezea hapo. Kwenye simu ya mkononi hali ni mbaya zaidi, kwa sababu mara nyingi kioo huonyesha jina la mtu tu bila anwani yenyewe.

KUFULI TATU ZA JINA

Baada ya miaka mingi ya malalamiko, wataalamu walitengeneza njia tatu za kuziba mwanya huo. Zote hutumia daftari la majina ya intaneti, lile ambalo mitambo yote duniani hulisoma ili kujua jina fulani, kwa mfano lile linaloishia na .co.tz au .co.ke, linahifadhiwa wapi. Mwenye jina ndiye mwenye haki ya kuandika katika ukurasa wake wa daftari hilo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa mali yenyewe ni jina.

Kufuli ya kwanza huitwa SPF. Ilianza kuchapishwa rasmi kama kanuni ya majaribio mwaka 2006, na toleo linalotumika sasa ni la Aprili 2014. Ni orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina la kampuni. Mtambo unaopokea barua huangalia imetoka seva gani, kisha hutazama orodha. Mstari huo huanza na maneno v=spf1, na mwisho wake ndio wenye uzito. Ukiishia na -all, maana yake asiyekuwa kwenye orodha akataliwe. Ukiishia na ~all, maana yake atiliwe shaka tu.

Kasoro ya SPF ni kwamba huangalia anwani ya bahasha. Tapeli anaweza kuweka kwenye bahasha jina lake mwenyewe lenye orodha safi, na kwenye karatasi ya ndani akaweka jina lako. Akipimwa kwa SPF peke yake, anapita.

Kufuli ya pili ni DKIM, iliyotokana na kuunganisha kazi za Yahoo na Cisco, na kanuni zake zikatolewa mwaka 2007. Hii ni kama muhuri wa lakiri. Seva ya kampuni hutia sahihi kila barua kwa ufunguo wa siri, na ufunguo wa kuikagua sahihi hiyo huwekwa hadharani katika daftari. Mtu akibadilisha njiani hata tarakimu moja katika sehemu iliyotiwa sahihi, lakiri inavunjika na mtambo wa mpokeaji unajua.

Nayo ina kasoro. Barua isiyo na lakiri haisemi kama ilipaswa kuwa nayo. Mpokeaji hajui kama kampuni hiyo hutia sahihi barua zake zote au la.

Kufuli ya tatu, DMARC, ndiyo inayofunga kazi. Ilitangazwa Januari 2012 na kundi la kampuni zikiwamo PayPal, Google, Microsoft na Yahoo, na kanuni zake zikachapishwa Machi 2015. DMARC hudai kwamba jina analoliona msomaji juu ya barua lilingane na jina lililopita katika SPF au DKIM. Lisipolingana, mwenye jina ameshaagiza kifanyike nini.

Maagizo hayo ni ya aina tatu. p=none maana yake barua ipite na mwenye jina apelekewe taarifa tu. p=quarantine maana yake iwekwe kando, kwa kawaida kwenye kapu la barua taka. p=reject maana yake ikataliwe mlangoni. Kampuni yenye p=none imeweka mlinzi anayeandika majina ya wezi wanaoingia bila kuwazuia. Mei 2014 isingefaa kumlaumu mtu kwa hilo, kwani njia ilikuwa bado ngeni. Leo hakuna kisingizio. Mei 2024 vyombo vya usalama vya Marekani vilitoa onyo kwamba wadukuzi wa Korea Kaskazini walikuwa wakitumia majina yenye agizo legevu la DMARC ili barua zao za kughushi zifike kwa walengwa.

PALE TOVUTI INAPOHIFADHIWA

Kwa kampuni ndogo, mambo haya yote yako mikononi mwa anayehifadhi tovuti. Kampuni nyingi za uhifadhi huwapa wateja ukurasa wa usimamizi ambamo mistari ya SPF na DKIM inaweza kuwekwa kwa kubonyeza vitufe vichache. Mara nyingi ya DMARC huachiwa mwenye jina aiandike, na asipoambiwa haandiki.

Kuna jambo moja ambalo mnunuzi wa huduma hii ya bei nafuu hana budi kulijua. Katika uhifadhi wa bei ya chini, kampuni kadhaa huwekwa kwenye seva moja kama wapangaji wa nyumba moja. Mstari wako wa SPF ukiiruhusu seva hiyo, umeiruhusu nyumba nzima. Ikiwa mhifadhi hazuii mpangaji mmoja kutuma barua kwa jina la mwenzake, jirani yako, au mwizi aliyevamia tovuti ya jirani yako, anaweza kuandika kwa jina lako na barua ikapita vipimo vyote. Swali la kumwuliza mhifadhi kabla ya kulipa ni hili: je, seva yenu humzuia mteja kutuma kwa jina ambalo si lake? Akibabaika, tafuta mwingine.

Hatari ya pili hutoka kwa mwenye jina mwenyewe, nayo ni haraka. Mtu akisikia habari hizi leo na kesho akaandika p=reject, anaweza kujifungia nje ya nyumba yake. Ankara zinazotumwa na programu ya hesabu, matangazo yanayotumwa na wakala, na fomu iliyo kwenye tovuti hutoka kwenye seva tofauti. Ambayo haikuorodheshwa wala kutiwa sahihi itakataliwa, na mteja atadhani umemnyamazia. Aprili 2014 Yahoo ilipokaza agizo lake ghafla, barua za watumiaji wake zilizopitia kwenye orodha za majadiliano zilianza kukataliwa sehemu nyingi.

Njia salama ni kwenda hatua kwa hatua. Anza na p=none na uweke anwani ya kupokea taarifa. Soma taarifa hizo kwa wiki kadhaa ujue ni seva zipi zinatumia jina lako, za halali na za wezi. Sajili zile za halali. Kisha panda hadi p=quarantine, na mwisho p=reject. Wengi huanza hatua ya kwanza wakasahau kuendelea.

Wapo pia walionunua majina mawili au matatu ili mshindani asiyachukue, wakatumia moja tu kwa barua. Yale yaliyolala nayo yafungwe: SPF isiyoruhusu seva yoyote, pamoja na DMARC ya kukataa. Jina lisilotumiwa na mwenyewe humfaa sana tapeli.

SOKO LIMESHAANZA KULAZIMISHA

Kwa miaka mingi kuweka kufuli hizi kulikuwa hiari. Oktoba 2017 serikali ya Marekani iliziamuru taasisi zake za kiraia kuwa na DMARC ya kukataa ndani ya mwaka mmoja. Februari 2024 Google na Yahoo walianza kudai kwamba kila anayetuma barua kwa wateja wao awe walau na SPF au DKIM. Anayetuma zaidi ya barua 5,000 kwa siku kwenye anwani za Gmail sharti awe na zote tatu. Microsoft ikafuata Mei 2025 kwa wanaotuma kiasi hicho kwenye anwani zake za Outlook, Hotmail na Live.

Maana yake kibiashara ni wazi. Kampuni isiyofunga jina lake haiko hatarini kuibiwa tu. Ankara zake za halali na bei zake mpya huweza kuishia kwenye kapu la barua taka la mteja, na mteja akanunua kwa mwingine. Ulinzi umekuwa sehemu ya gharama ya kuuza, kama leseni na mizani iliyopimwa.

KUFULI ISIPOFAA

Pamoja na hayo, asiwepo wa kudanganyika kwamba DMARC humaliza utapeli wote. Kufuli hulinda jina lako halisi tu. Tapeli anayesajili jina linalofanana, akaweka tarakimu 1 mahali pa herufi l, au akaongeza kistari, huwa na jina lake mwenyewe la halali. Ataliwekea SPF, DKIM na DMARC, na barua yake itapita vipimo vyote. Kipimo husema barua imetoka kwa mwenye jina lililoandikwa. Hakisemi kama mwenye jina hilo ni mwaminifu.

Vivyo hivyo, mwizi aliyeiba neno la siri la mhasibu wa muuzaji hutuma barua kutoka kwenye sanduku halisi. Hapo kufuli zote zitaonyesha kwamba barua ni safi. Na mfanyabiashara anayetumia anwani ya bure badala ya jina lake mwenyewe hana daftari la kuandika. Yeyote anaweza kufungua anwani inayofanana na yake.

Kwa sababu hiyo kinga ya mwisho inabaki kuwa ile ya zamani. Namba ya akaunti ikibadilika, anayelipa ampigie simu muuzaji kwa namba aliyokuwa nayo tangu mwanzo, si ile iliyoandikwa kwenye barua mpya, na asikie sauti anayoijua. Malipo makubwa yaidhinishwe na watu wawili walioonana ana kwa ana au kuzungumza. Kisa cha Mattel kimeonyesha kuwa idhini ya barua pepe si idhini. Fedha zikishaondoka, aende benki saa hiyohiyo kuomba zizuiwe, kisha polisi. Katika mambo haya saa za mwanzo ndizo zinazookoa. Kujipatia fedha kwa udanganyifu wa kompyuta ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 na ile ya Kenya ya mwaka 2018, ila sheria humkamata mtu, hairudishi mtaji ulioshaliwa.

MASWALI YA MWENYE HISA

Mwekezaji mdogo anayekagua hesabu za kampuni kabla ya kununua hisa zake huangalia faida, madeni na gawio. Visa vya Ubiquiti na Leoni vinaonyesha kuwa kuna safu nyingine ya kutazama. Mamilioni yaliondoka si kwa soko baya wala riba kubwa, bali kwa barua ambayo hakuna aliyeihakiki.

Katika mkutano mkuu wa mwaka, mwenye hisa ana haki ya kuuliza maswali mepesi. Je, jina la kampuni lina DMARC, na agizo lake ni lipi kati ya yale matatu? Nani huidhinisha mabadiliko ya akaunti ya mgavi, na huhakiki kwa njia gani? Agizo la DMARC halina siri, kwani daftari la intaneti liko wazi kwa kila mtu, na kijana yeyote wa kompyuta anaweza kulisoma kwa dakika moja. Bodi ikishindwa kujibu jambo lililo hadharani, mwekezaji atajua kiasi gani cha kuyaamini majibu yake kuhusu yaliyo kabatini.

Kwa mwenye duka kazi ya wiki hii ni ndogo zaidi. Ampigie simu anayemhifadhia tovuti, amwulize kama mistari mitatu ipo na imesimama wapi. Kisha awaandikie wateja wake kwamba akaunti yake ya benki haitabadilishwa kamwe kwa barua pepe. Taarifa hiyo aichape pia chini ya kila ankara.